Mto Ulioingia Chumbani kwa Evanthia

Kila siku baada ya chakula cha mchana, mto uliingia chumbani kwa Evanthia Mavridis katika nyumba ya wazee. Haukuja kwa kishindo. Ulipenya chini ya mlango wa kioo, ukatambaa juu ya zulia, rangi ya chai ya maziwa kama ulivyo Mto Murray siku zote pale mjini Renmark, ukajaa taratibu mpaka ukafika usawa wa godoro. Hapo kitanda kiliinuka kidogo, kama kifua cha mtu anayevuta pumzi. Evanthia hakuogopa. Angeogopa nini, naye ameishi kando ya mto huo miaka hamsini na minane? Alilaza mikono yake juu ya shuka, akaacha maji yambebe.

Kisha Thanasis alikuja.

Thanasis alikuwa mumewe, na alikuwa amefariki miaka kumi na mmoja nyuma. Alikaa kwenye kiti cha dirishani, amevaa fulana yake nyeupe ya shambani, akimenya chungwa kwa kisu cha kupogolea. Ganda lilishuka kwa utepe mmoja mrefu usiokatika, likagusa maji, likaelea likienda zake. Hakuwa mzee. Nywele zake zote zilikuwapo. Evanthia alimpa habari za siku: supu imekosa ndimu, Ligaya mhudumu kakata nywele, ndege mwari wawili wametua gatini na mmoja anachechemea. Thanasis alisikiliza akitabasamu, na jua la alasiri likipenya kati ya mikaratusi liliwamwagia wote wawili rangi ya asali.

Hakumwambia mtu. Mwenye akili akiletewa tunu haendi kuitangaza barazani.

Alikuwa na miaka themanini na mmoja. Miaka thelathini ya hiyo aliitumia kwenye ghala la kufungashia machungwa, akiwa mchambuaji. Machungwa yalipita mbele yake juu ya mkanda kama watu wanaotoka kanisani, naye alinyoosha mkono akaliondoa lililooza kabla wenzake hawajajua kuwa lipo. Walimwita Jicho. Lakini tangu Mei, majani ya mizabibu yalipoanza kugeuka, Jicho liliingia ukungu. Mikono ilikuwa mizito, mdomo mkavu kana kwamba amekula pamba, maneno yakimponyoka. Jumapili moja mjukuu wake Elektra, ambaye alimlea mwenyewe tangu mtoto ana miaka minne, aliinama kumbusu. Evanthia alimtazama kwa adabu kabisa, akamuuliza, "Na wewe ni binti wa nani, mwanangu?"

Elektra alitoka nje akaenda kulilia kwenye mawaridi. Daktari alisema ni umri. Kichwa nacho huchakaa, kama goti. Familia ikanywea, ikakubali.

Basi majira hayohayo, kila Jumanne, alikuwa akija pale kwenye nyumba ya wazee mwanamke mrefu mwenye madoa ya jua usoni na mkoba mzito begani. Jina lake Nerida Zadow, mfamasia kutoka chuo kikuu cha Adelaide, mwendo wa saa tatu kwa gari. Huyu hakuuza dawa. Alikuwa akitengeneza njia ya kuzichunga, na njia yenyewe ilikuwa fomu ya karatasi moja. Nyumba tano za wazee zilikuwa zikiijaribu, na nyingine tano zikiendelea kama zamani, ili mwisho wa yote watu walinganishe wajue kama inasaidia kweli au ni mapenzi tu ya aliyeitunga. Kila mwezi mzee alipimwa nguvu za mkono, mwendo wake, uzito na usingizi, na vipimo hivyo vikachorwa mstari mmoja pamoja na tarehe ya kila kidonge kilichoanzishwa. Mzee akiporomoka, kabla hujasema ni uzee, tazama kwanza ni kitu gani kilipita kinywani mwake wiki chache nyuma.

Jumanne moja ya Juni Nerida alimpa Evanthia kipimo cha kubana, chuma chenye mpini na sahani ya namba. Ligaya, mhudumu aliyetoka Ufilipino na mwenye kucheka kwa sauti kuliko nyumba nzima, alimshikia kiwiko.

"Haya mama, bana. Bana kama unamkaba mkweo."

"Mkwe wangu mtu mwema," alisema Evanthia polepole.

"Basi mkabe mpishi."

Evanthia alibana. Sindano ilisogea kwa uvivu, ikasimama. Kilo kumi na moja. Ligaya aliacha kucheka, maana alikuwepo mwezi wa Machi, na mwezi wa Machi ilisoma kumi na tisa.

Nerida aliiandika namba ile. Aliketi ukumbini na karatasi zake mpaka chai yake ikapoa. Machi mwishoni Evanthia alipewa vidonge vya mwasho. Aprili akapewa vya kibofu, kwa kuwa alikuwa akikimbilia choo mara kwa mara. Na chini yao kulikuwa na vidonge vya usingizi alivyoandikiwa wiki aliyozika mume, ambavyo hakuna aliyekumbuka kuviondoa. Kila kimoja kilikuwa na sababu yake na daktari wake. Kimoja kimoja vilikuwa wageni wastaarabu. Vilipokutana vitatu ndani ya mwili mmoja mkongwe, vilizima taa chumba baada ya chumba. Mstari wa Evanthia ulikuwa umelala sawa mpaka Aprili, kisha ukateremka kama ngazi.

Nerida aliusoma mstari ule mara ya pili. Miaka miwili ya kazi, na hii ndiyo mara ya kwanza fomu yake kupiga kengele waziwazi hivyo. Alimpigia simu daktari siku hiyohiyo. Daktari aliuliza maswali mawili matatu, akasema kwamba kwa kweli hakuwa ameviweka vitatu pamoja kichwani. Waanze kwa kupunguza cha kibofu.

Nerida alipoingia chumbani kumpa Evanthia habari, mto ulikuwa umeshafika magotini. Evanthia alimwona akitembea ndani yake bila kulowa viatu, akashangaa kidogo, akaacha kushangaa.

"Bi Evanthia, nina habari njema. Sidhani kama unapoteza akili. Nadhani ni dawa. Tutaziondoa moja moja, na panapo majaliwa, kabla kipupwe hakijaisha utakuwa umeamka."

Evanthia alitazama dirishani. Thanasis alikuwa amefika nusu ya chungwa.

"Nani kakwambia nataka kuamka?" alisema.

Nerida alitazama fomu mkononi mwake kana kwamba jibu lingekuwa limeandikwa humo. Kulikuwa na visanduku kumi na tisa. Vilimuuliza muuguzi, vilimuuliza daktari, vilimuuliza mfamasia, kimoja kiliuliza mizani. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, na Nerida, ambaye hakuwahi kuisikia methali hiyo maishani mwake, alikuwa ameifuata barabara.

Alimwomba daktari asibadilishe chochote kwanza. Alhamisi, siku isiyokuwa yake, alirudi Renmark bila kipimo wala mkoba. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha dirishani.

"Hapo pana mtu," alisema Evanthia.

Nerida alisimama wima. Alikigeukia kiti kitupu, akasema, "Samahani," kisha akakaa ukingoni mwa kitanda.

Jambo hilo dogo lilimfanya Evanthia amtazame vizuri kwa mara ya kwanza. Wengine wangempapasa paji la uso, au wangepaza sauti kama anayezungumza na kiziwi.

"Ni mume wangu," alisema. "Huja saa hizi."

"Amekuja mara nyingi?"

"Tangu Mei. Anakuja na maji."

"Mnazungumza?"

"Nazungumza mimi."

Nerida alieleza, bila kulipaka jambo sukari. Dawa hizo tatu ndizo zinazoleta maji, na yumkini ndizo zinazomleta Thanasis. Ndizo pia zinazomkausha mdomo na kumlegeza miguu. Akiendelea hivi huenda akaanguka avunjike nyonga, na mifupa ya umri ule haisamehe. Ndizo, pengine, zilizomfuta Elektra. Wakizipunguza, mengi yanaweza kurudi. Si yote. Na safari za chooni nazo zitarudi.

"Na yeye?" Evanthia alinyoosha kidevu kuelekea dirishani.

"Yeye sidhani kama atabaki."

"Wewe unatoka Adelaide kuja kuniambia hivyo?"

"Ndiyo."

"Saa tatu barabarani?"

"Na nusu. Kulikuwa na lori la machungwa mbele yangu."

Evanthia alicheka, kicheko kikavu kilichogeuka kikohozi. Nerida alimpa maji. Kisha, bila kuulizwa, alimweleza kwamba zamani alifanya kazi katika duka la dawa la mji mdogo. Alimhudumia mzee mmoja mwaka mzima, kila dawa sahihi, kila kipimo sahihi, kila saini mahali pake. Mzee akapotea taratibu, akaanguka bafuni, akafa, basi.

"Nilirudia karatasi zote kutafuta nani kakosea," alisema. "Hakuna aliyekosea. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo."

"Ghalani ilikuwa hivyo," alisema Evanthia, na sauti yake ilitoka mbali. "Chungwa zuri, chungwa zuri, chungwa zuri. Sanduku likafika mjini limeoza. Ukilifungua, unakuta yalikuwa yanabanana tu."

"Unataka nifanyeje, Bi Evanthia? Safari hii nauliza."

"Niache nimuulize kwanza."

Alasiri ya siku iliyofuata mto uliingia mpole kuliko siku zote. Ulikuwa na ubaridi wa Juni na harufu ya majani ya mikaratusi yaliyolowa. Thanasis aliketi, akaanza kumenya. Evanthia alimweleza yote aliyosema yule mwanamke, neno kwa neno, kama alivyokuwa akimletea habari za ghalani enzi hizo. Alipomaliza alisema, "Haya, wewe wasemaje?"

Thanasis alitabasamu.

"Thanasis, nakuuliza. Nibaki au nitoke?"

Ganda la chungwa liliteremka, refu, laini, lisilo na mwisho.

Hapo Evanthia alianza kumtazama kama alivyotazama mkanda wa machungwa. Mume wake, wa damu na nyama, hakuwahi kukaa kimya dakika tano katika maisha yao. Walikuwa na ugomvi wao wa kisima, na ugomvi wa jina la mtoto wa pili. Walikuwa na mmoja ulioanza siku ya arusi yao, juu ya nani alimkanyaga nani walipokuwa wakicheza, na ambao ulikuwa haujaisha asubuhi aliyokufa. Thanasis alikuwa na kikohozi cha tumbaku. Hakumenya chungwa bila kulila nusu yake kabla hajagawa. Miaka ya mwisho alinywea, akawa na masikio makubwa na mikono yenye madoa, naye Evanthia aliipenda mikono ile kuliko ya ujanani. Huyu wa kitini alikuwa mzuri, mwenye nywele zote, asiye na neno hata moja. Hakujua lolote lililotokea tangu siku waliyopigwa picha iliyotundikwa ukutani pale chumbani, akiwa na fulana ileile nyeupe.

"Wewe si yeye," alimwambia, kwa upole, maana hakutaka kumwonea. "Lakini ulinitembelea. Ahsante."

Jumanne alimpa Nerida jibu. Aziondoe dawa. Ila kwa masharti: polepole, na kwanza apewe wiki moja.

"Wiki moja ya nini?" aliuliza Ligaya, aliyekuwa akitandika.

"Ya kuaga. Ninyi mnadhani watu wanafukuzwa tu?"

Nerida alimuuliza daktari, na daktari alisema wiki haidhuru, mradi asisimame bila mtu wa kumshika. Kwa wiki hiyo Ligaya alipanga kazi zake ili saa nane mpaka saa tisa awe karibu na mlango ule, na hakuna aliyeingia bila kubisha.

Kisha ukaanza mteremko wa vidonge. Nusu ya hiki, wiki mbili, robo, wiki mbili, halafu kingine. Mto nao ulipungua. Siku moja ulifika vifundoni tu. Siku nyingine ulikuwa mstari wa unyevu ukutani, uking'aa. Thanasis alikuja akiwa amesimama, kisha akaja akiwa amempa mgongo, akitazama nje kama mtu anayesubiri gari. Jumatano moja ya Agosti, jua likiwa limetandaa na ndege wakipiga kelele kwenye mikaratusi, Evanthia alifumbua macho akaona kiti. Kilikuwa cha plastiki, rangi ya kijani, na mguu mmoja umefungwa kwa utepe wa gundi.

Alilia siku mbili. Aliwahi kuwa mjane mara moja, na sasa mara ya pili, na safari hii hapakuwa na mazishi wala kahawa wala majirani wenye vyombo vya chakula. Tena alijikojolea mara mbili akielekea chooni, akamtukana Ligaya kwa Kigiriki, lugha ya kwao alikozaliwa, na Ligaya akamjibu kwa Kitagalogi cha Ufilipino, wakaelewana. Elektra alipokuja Jumapili alimkuta ameketi ukumbini, macho mekundu.

"Elektra," alisema Evanthia, "hilo koti lako limekaa kama gunia. Ndilo unalokwenda nalo kazini?"

Elektra alisimama pale mlangoni, mkono mdomoni. Kisha akapiga magoti akaweka kichwa mapajani mwa bibi yake, na koti lile la gunia likalowa.

Jumanne iliyofuata kipimo cha kubana kilisoma kilo kumi na sita. Mstari wa karatasini ulikuwa umepanda tena, ngazi kwa ngazi. Nerida alishindwa kuficha furaha.

"Andika pia kwamba nimelia," alisema Evanthia.

"Nitaandika. Lakini sina sehemu ya—"

"Basi itafute."

Haikuwa rahisi. Nerida alipeleka ombi kwa kamati inayosimamia utafiti, na kamati ikakataa kubadilisha fomu katikati ya safari. Ukibadili mizani wakati unapima, hujui tena ulichopima. Evanthia alipoelezwa, hakubisha. Ghalani pia hakuna aliyethubutu kubadili matundu ya chekecheo katikati ya kazi. Basi wakakubaliana kuwe na karatasi ya pili, ya kando, yenye swali moja, na majibu yake yahesabiwe peke yake. Kamati ilitaka kumsikia huyo mzee aliyesababisha usumbufu wote. Elektra alimpeleka Adelaide kwa gari, wakasimama mara nne njiani kwa ajili ya choo.

Walikuwa watu kumi na mmoja kuzunguka meza ndefu, na dirisha kubwa nyuma yao lililojaa mawingu. Mmoja, profesa mwenye tai ya buluu, alimuuliza kwa heshima kama angependa fomu iulize, "Je, mgonjwa ameridhika na matibabu?"

"Hapana," alisema Evanthia. "Hilo utajibiwa ndiyo na kila mtu anayetaka aachwe alale."

"Basi iulize nini?"

Alifikiri. Kichwa chake hakikuwa na wepesi wa zamani, na hakuona haya kuwangojesha. "Iulize: tukikubadilishia dawa hii, kuna kitu usichotaka kukipoteza?"

Profesa aliandika. Kalamu nyingine zikafuata mezani, moja baada ya nyingine.

Matokeo yalitoka mwaka uliofuata, na Nerida alikuja kumsomea mwenyewe. Haukuwa muujiza. Katika nyumba zilizotumia fomu, wazee walianguka mara chache zaidi, ingawa si kwa tofauti kubwa kama alivyotarajia. Nguvu za mikono zilishuka polepole zaidi. Kwa upande wa usingizi, hakuna lolote. Lakini karatasi ya kando ilirudi na majibu mia moja na sitini, na katika fomu mpya swali lile liliwekwa juu kabisa, kabla ya mizani. Nerida alimsomea baadhi. Ladha ya kahawa. Kuweza kusali nikiwa macho. Mbwa wangu, hunijia nikisinzia. Sitaki kupoteza hasira yangu, ndiyo inayoniamsha kitandani.

"Huyu wa hasira nataka kukutana naye," alisema Evanthia.

Mwezi wa Septemba fomu mpya ilifika chumba namba tisa, kwa Colin Hoad, aliyekuwa mlinzi wa lango la maji mtoni miaka mingi, mtu mkubwa, mwenye haya, asiyesikia sikio la kushoto. Mstari wake ulikuwa umeanza kuteremka, na kidonge chake cha usingizi kilikuwa na mkono katika hilo. Alikaa na karatasi mapajani nusu saa bila kuandika. Mwishowe alituma aitwe Evanthia.

"Wanasema wewe uliacha," alimwambia.

"Niliacha."

"Mimi sitaki. Bila kidonge huwa macho alfajiri, nasikia maji yanapanda, nadhani nimesahau kufunga lango, na watu wako chini huko. Kila siku. Nusu yake naweza kupunguza. Siyo chote." Alitazama chini. "Utaniona mwoga?"

"Nani kakupa wazo hilo?" Evanthia alivuta kiti, akakaa upande wa sikio lake zima. "Wamekuuliza, hawakukuamuru. Andika hivyohivyo ulivyoniambia. Na lango uliandike."

"Sehemu haitoshi."

"Geuza nyuma," alisema Nerida kutoka mlangoni. "Nyuma ni tupu."

Colin aligeuza karatasi, akaomba miwani yake, akaanza kuandika kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kujaza daftari la kina cha maji. Nerida alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, akamngoja amalize.